Uchezeshaji wa Nyoka Nchini India: Mateso ya Nyoka na Ufukara wa Mwenye Kikapu

Fira anapoinua kichwa kikapuni na kutanua shingo mbele ya zumari la kibuyu, watazamaji wengi huamini kwamba anacheza muziki. Nyoka hana masikio ya nje, na huhisi zaidi mitetemo inayopita ardhini. Anachofuata ni zumari lenyewe linaloyumba mbele ya macho yake, huku kutanua shingo kukiwa ni namna yake ya kujihami. Aliyeko kikapuni, basi, ni mnyama mwenye hofu.

Kabla ya kuonyeshwa hadharani, mara nyingi nyoka huyo hung'olewa meno ya sumu kwa koleo bila ganzi, au hushonwa mdomo kwa uzi. Kwa kuwa meno hayo huota tena, hung'olewa tena, na kidonda ambacho hakijapona huingia usaha. Nyoka aliyeumizwa hivyo hushindwa kula. Na kwa sababu maumbile yake humwezesha kukaa muda mrefu bila chakula, hufa polepole, kisha mwingine hukamatwa porini kuziba nafasi yake. Wakati wa Nag Panchami, sikukuu ya Wahindu ya kuabudu nyoka, hali huwa mbaya zaidi, maana nyoka hunyimwa maji kwa siku kadhaa ili waumini watakapowapa maziwa wayanywe. Wanayanywa kwa kiu tu. Tumbo la nyoka halikuumbwa kumeng'enya maziwa.

Sheria ya Kulinda Wanyamapori ya mwaka 1972 ndiyo iliyoifanya kazi hii kuwa kosa nchini India, na kwa maoni yangu ilikuwa sheria ya haki. Hata hivyo, iliwakuta watu kama Wakalbelia wa jimbo la Rajasthan, jamii ya kuhamahama ambamo mtoto alirithi kikapu na zumari kwa baba yake, na ambamo familia nyingi hazikuwa na ardhi wala elimu ya shule. Ujuzi wao ulipigwa marufuku, lakini hawakupewa njia nyingine ya kujipatia riziki. Wapo walioendelea kwa kificho, na nyoka anayefichwa asionekane na askari hubanwa kikapuni kwa saa nyingi kuliko yule wa zamani.

Kwamba ujuzi huo unaweza kulisha watu bila kuua nyoka, Wairula, jamii ya wakamata nyoka wa jimbo la Tamil Nadu, wamelithibitisha. Biashara ya ngozi za nyoka iliyowalisha ilipozuiwa, waliunda chama cha ushirika mwaka 1978. Hukamata nyoka kwa kibali, huwakamua sumu ya kutengenezea dawa ya kutibu walioumwa, kisha huwarudisha porini. Wakalbelia nao wana nyimbo na ngoma zao, zilizoingizwa mwaka 2010 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, ingawa jukwaa haliwezi kuajiri kila familia.

Mgeni anayetaka kuwasaidia na awalipe kwa muziki na ngoma, wala asitoe sarafu wala kupiga picha mbele ya kikapu chenye nyoka. Atakayemwona nyoka aliyeshonwa mdomo aiarifu idara ya misitu ya jimbo husika na asijaribu kuukata uzi mwenyewe: kazi hiyo ni ya daktari wa wanyama, na huenda meno ya sumu yameshaota upya nyuma ya uzi huo.