Bushi za Miguu ya Mbele ya Gari: Maana, Dalili za Kuchakaa na Namna ya Kuzibadilisha

Bushi ni kiungo cha mpira kinachokaa kati ya vyuma viwili vinavyopaswa kushikana bila kugusana. Katika miguu ya mbele ya gari dogo la kawaida, bushi zenye kazi nzito zaidi ni zile za mkono wa chini, ambao gerejini huitwa loa amu au wishiboni. Upande mmoja mkono huo hulishika gurudumu kwa boljointi, yaani kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachogeuka ndani ya kikombe chake, na upande wa pili hufungwa kwenye fremu kwa bolti zinazopita ndani ya bushi. Gurudumu likipanda tuta au kuingia shimoni, mkono hupanda na kushuka nalo, na bushi ndizo zinazouruhusu ufanye hivyo bila kuupeleka mshtuko wote kwenye bodi.

Watu wengi hudhani kwamba bushi huzunguka juu ya bolti yake, na dhana hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi ya ufundi. Bushi ya kawaida ya mpira haizunguki wala haitelezi. Ina kibomba cha chuma cha ndani kinachobanwa na bolti kisisogee, kibomba cha nje kilichoshindiliwa ndani ya mkono, na katikati yake mpira ulioshikamanishwa na vibomba vyote viwili. Mkono unapopanda, kibomba cha nje hugeuka, cha ndani hubaki palepale, na mpira hujinyonga kati yake kama nguo inayokamuliwa, kisha hujirudi. Mpira huweza kuvumilia hayo kwa sababu hupikwa pamoja na salfa, njia iliyogunduliwa na Charles Goodyear nchini Marekani mwaka 1839. Mpira usiopikwa hivyo hulainika kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi.

Bushi huchakaa kwa mwendo, lakini huchakaa pia kwa umri. Hewa, joto la injini na oili inayovuja huuharibu mpira hata kama gari halikutembea sana, na kwa hiyo mita inayoonyesha kilomita chache katika gari lililotumika Japani si ushahidi kwamba miguu yake ni mizima. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8, lakini hata mpira wa miaka 7 umekwisha kuanza uzee wake. Ndiyo maana sishauri kununua mkono wa mtumba kwa ajili ya bushi zake, kwani mara nyingi utakuwa umenunua mpira wenye umri uleule wa ule unaoutupa.

Dalili ya kwanza huwa ni mlio mzito wa kugonga unaosikika dereva anapokanyaga breki au anapoanza kurudi nyuma, kwa kuwa wakati huo gurudumu husukumwa mbele au nyuma na bushi iliyolegea huuacha mkono usogee. Baadaye gari huanza kuvuta upande mmoja wakati wa kufunga breki, usukani hutangatanga katika mwendo mkubwa, na tairi hulika zaidi ukingo mmoja. Kwa bahati mbaya, lawama zote hizo hurushiwa shokapu, nazo hubadilishwa kwa gharama kubwa huku mlio ukibaki palepale. Shokapu iliyokufa ina tabia yake: huvuja mafuta mwilini, na ukiikandamiza kona ya gari kisha ukaiachia, bodi huendelea kunesanesa badala ya kutulia. Linki za stebilaiza, yaani viungo vya fimbo inayounganisha magurudumu mawili ili gari lisilale sana kwenye kona, nazo hutoa mlio mwepesi wa haraka gurudumu moja linapoingia shimoni. Gari likipanda tuta kwa magurudumu yote mawili kwa pamoja mlio huo hupungua au hunyamaza, kwa sababu fimbo ya stebilaiza hainyongwi.

Uhakika hupatikana chini ya gari. Gari liinuliwe kwa jeki na kuegemezwa kwenye stendi imara, kamwe lisiachwe juu ya jeki peke yake. Gurudumu litikiswe kwa kushika juu na chini: uchezaji hapo huelekeza kwenye boljointi au beringi. Likitikiswa kwa kushika kushoto na kulia, huelekeza zaidi kwenye tairodi, fimbo inayoligeuza gurudumu kufuata usukani. Kisha mtaimbo uingizwe kati ya mkono na fremu na usukumwe taratibu huku jicho likiwa kwenye bushi yenyewe. Nyufa ndogo za juu juu si sababu ya kuibadilisha. Kinachotafutwa ni mpira uliobanduka kwenye kibomba, au kibomba cha ndani kilichohama kutoka katikati. Tahadhari moja ni ya lazima: baadhi ya bushi hutengenezwa zikiwa na nafasi wazi kwenye mpira kwa makusudi, na nafasi hizo zisichukuliwe kuwa zimechanika. Nyingine zimejazwa kimiminika ndani, na zikipasuka huacha michirizi kwenye mkono.

Katika kubadilisha, mkono hufunguliwa kwenye boljointi na kwenye fremu, kisha hupelekwa kwenye presi, mashine ya kutolea na kushindilia bushi. Kabla ya bushi ya zamani kutolewa, mwelekeo wake uwekewe alama, kwa sababu bushi yenye nafasi wazi ikigeuzwa hubeba mzigo upande usio wake. Bushi mpya isukumwe kwa kibomba cha nje. Ikisukumwa kwa cha ndani, mpira hubanduka kabla ya kazi kuanza. Kuchoma bushi ya zamani kwa gesi ili itoke kwa urahisi ni desturi mbaya, na mkono wa alumini unaweza kupoteza uimara wake kwa joto hilo.

Hatua inayoharibu kazi nzuri kuliko zote ni kukaza bolti za bushi gari likiwa juu na magurudumu yakining'inia. Kibomba cha ndani hubanwa katika mkao huo wa chini, na gari likishushwa mpira hukaa umejinyonga muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa. Bushi mpya ya namna hiyo huweza kuchanika mapema sana, na muuzaji wa spea akalaumiwa bure. Bolti zishikizwe tu kwanza, kisha gari likae kwa uzito wake juu ya magurudumu, au mkono uinuliwe kwa jeki hadi mkao wake wa kawaida, ndipo zikazwe kwa nguvu iliyowekwa na mtengenezaji. Baada ya hapo gari lipimwe alaimenti, kwa kuwa pembe za magurudumu zilizopimwa bushi zikiwa zimelegea si zile zile baada ya mkono kurudi mahali pake.