Hotuba ya kuarifu si kila spichi yenye takwimu ndani

Kuna hii tabia imezidi huku kwetu Kisumu, na nikiongea na watu wa Nakuru na Kakamega naona hata huko iko. Mtu akishika maiki na kutaja takwimu mbili tatu, MC anasimama anasema "asante kwa hiyo hotuba ya kuarifu". Mwanafunzi ametumia muda wake wote kutusihi tuache pombe, ati amearifu. Mheshimiwa kwa matanga anaanza na "mimi nimekuja kuwaarifu tu" na kabla hujakaa vizuri kwa kiti ameshafika kura za 2027. Hata yule wa kuuza dawa ya meno ndani ya matatu kabla haijajaa, "abiria wapendwa, ningependa kuwaarifu". Jameni. Nimenyamaza sana, leo wacha niseme.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Hotuba ya kuarifu ni ile ambayo lengo lake kuu ni msikilizaji atoke akijua au akielewa kitu ambacho alipoingia hakukijua au alikuwa anakijua nusunusu. Basi. Inaweza kuwa juu ya kitu fulani, juu ya vile jambo hufanyika, juu ya tukio, au juu ya dhana kama hii ninayoandika saa hii. Hapo kwa maana watu hawagombani. Shida inakuja kwa mpaka wake na hotuba ya kushawishi, na hapo ndio watu huvuka bila hata kujua wamevuka.

Wengi hudhani kinachotofautisha ni mada. Ati ukiongea juu ya mihadarati hiyo ni kushawishi, ukiongea juu ya sayansi hiyo ni kuarifu. Hapana. Mada ile ile moja inaenda kote kote. Chukua gugumaji, ule mmea unaoelea juu ya maji ya ziwa, hiyo kila mtu wa Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, anaijua, kuna asubuhi mtu anaamka anakuta ufuo umefungwa kabisa na boti haziendi popote. Mwanafunzi wa kwanza anasimama anasema hivi: "Gugumaji asili yake ni Amerika Kusini. Lilianza kuonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Penye joto na maji yenye rutuba nyingi linaweza kuongezeka mara mbili kwa muda wa wiki mbili hivi, na halingoji mbegu, linatoa machipukizi pembeni na kila chipukizi likikatika linaanza maisha yake. Ndio maana upepo ukilipasua na kulisukuma upande mwingine wa ghuba, huko nako linaanza upya." Wa pili anasema: "Gugumaji linaua ziwa letu, wavuvi wanalala njaa, na kaunti lazima ilete mashine leo si kesho!" Ukumbi unapiga makofi, na kusema ukweli huyu wa pili atapigiwa mengi kuliko wa kwanza.

Wote wawili wameongea vizuri, sina ugomvi na yeyote. Lakini wa kwanza anataka uelewe, wa pili anataka ukubali na ufanye kitu. Kama wewe ni mwanafunzi na hujui hotuba yako iko upande gani, jiulize swali moja tu: msikilizaji akiniambia "nimekuelewa kabisa lakini sikubaliani na wewe", je, nimeshindwa? Kama umeshindwa, ulikuwa unashawishi. Kama swali lenyewe hata halileti maana, maana mtu hawezi kutokubaliana na vile gugumaji huchipuka, basi ulikuwa unaarifu. Mimi sijapata kipimo rahisi kuliko hicho na unaweza kukifanyia nyumbani kabla hujafika kwa mwalimu.

Na naelewa kwa nini tunateleza. Hii aina ya hotuba si ya zamani vile watu hufikiria. Aristotle, yule Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aligawa hotuba mara tatu: ya barazani, ambapo watu wanaamua wafanye nini, ya mahakamani, ambapo wanaamua nani alikosa, na ya sherehe, ya kusifu au kulaumu. Tafuta kuarifu hapo, hutaiona. Cicero wa Roma naye akaja karne ya 1 kabla ya Kristo akasema msemaji ana kazi tatu, kufundisha, kufurahisha na kugusa hisia za watu, lakini kwake hizo zilikuwa kazi za ndani ya hotuba moja, na huyo alikuwa wakili, mwisho wa siku alitaka kushinda kesi. Kuarifu kama kitu kinachojisimamia, mtu anasimama kueleza jambo na hana kesi yoyote ya kushinda, hiyo tumeipata zaidi kwa masomo ya kuongea mbele ya watu ya shule na vyuo vya siku hizi. Sasa angalia sisi tumekulia wapi: baraza la chifu, mimbari, mazishi, kampeni, fundreizi. Kila mahali tuliposikia mtu akihutubia alikuwa anatuvuta mahali. Ukiongeza kwamba mazoezi mengi ya hotuba kwa Kiswahili shuleni huja na "eleza njia za kukabiliana na…" basi mtoto atawezaje kumaliza bila kusema tuungane pamoja?

Lakini hao wa "tuungane" angalau unawaona. Kuna wajanja zaidi, wale ambao hawasemi lazima, hawasemi tuamke, lakini ukweli wote walioubeba unaelekea upande mmoja. Mtu anakuambia gugumaji huziba njia za boti, kweli, hupunguza oksijeni kwa maji, kweli, huwapa makao konokono wanaobeba kichocho, kweli pia. Halafu anakaa chini. Hajataja kwamba hapa hapa Kisumu kuna watu wanalikausha na kusuka viti na vikapu. Hajataja kwamba miaka ya 1990 waliletwa wadudu fulani wa jamii ya fukusi, hao kazi yao ni kula gugumaji, na wakawachiliwa ziwani. Sasa kama ameyaacha kwa sababu muda haukutosha, hiyo ni sawa, hakuna hotuba inayobeba kila kitu. Lakini kama ameyaacha kwa sababu yangepunguza hasira aliyotaka tuwe nayo, huyo ameshawishi na amevaa sare ya kuarifu. Maneno nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Ukisema "mmea vamizi" umeeleza, ukisema "zimwi la kijani" tayari umetuambia tusimame upande gani.

Hapa mtu ataniambia, basi unataka tuongee kama tunasoma kalenda. La, na huu ndio mpaka wa pili ambao pia watu hawauoni. Kuarifu si kumwaga. Nimesikia kijana akisoma kwa karatasi: Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, linapakana na nchi tatu, mto unaotoka humo ni Nile… na anaendelea hivyo, sauti moja, macho kwa karatasi, nyuma ya ukumbi watu washaanza kuchorana kwa vitabu. Kila alichosema ni sahihi kabisa. Na hakuna hata mmoja aliyearifiwa, kwa sababu ile maana tumesema ni msikilizaji atoke na kitu, si msemaji aseme kitu. Anayesoma kitabu akipotea anarudi nyuma ukurasa, anayekusikiliza hana pa kurudi, sentensi ikipita imepita.

Sasa huyo kijana angefanya nini na hizo namba? Angechukua moja tu na kuifanya isikike. Kwa mfano: "Wazieni ziwa lote limegawanywa vipande 100 vinavyolingana. Tanzania inachukua karibu 49. Uganda inachukua karibu 45. Kenya…" anyamaze kidogo hapo, "Kenya ina 6." Jaribu hiyo na watu wa Kisumu uone vile ukumbi utaguna, maana sisi huku huongea ni kama ziwa ni letu na hao wengine ni wageni. Hakuna aliyeshawishiwa kufanya lolote, hakuna aliyetukanwa, lakini watu wataenda na hiyo 6 mpaka nyumbani na wataisema kwa meza wakila.

Ndio maana mimi husema kazi kubwa ya hotuba ya kuarifu inafanyika wakati wa kukata mada, hata kabla hujaandika neno. "Uvuvi katika Ziwa Victoria" si mada ya dakika tano, hiyo ni mada ya muhula. "Kwa nini omena hupungua wakati wa mbalamwezi", hiyo sasa ni mada. Unaeleza kwamba omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa, kwamba taa huvuta omena wakakusanyika karibu na juu ndipo wavu ukawabeba, na kwamba mwezi ukiwa mkali ile taa inakosa nguvu, samaki wanatawanyika na mvuvi anaona heri alale kuliko achome mafuta bure. Hatua tatu, kila moja imezaa inayofuata, na mama aliye soko la Kibuye hapa Kisumu amenunua omena miaka yote anasema kumbe. Hiyo "kumbe" ndio unatafuta. Ukikosa mahali pa kuanzia andika sentensi moja kwa daftari, "nikimaliza, wenzangu wataweza kueleza hivi na hivi", na kila kitu ambacho hakisaidii hiyo sentensi kitoe, hata kama ni kitamu na ulikitafuta usiku kucha.

Mengine ya kutoa hotuba nitayapitia haraka kwa sababu walimu wenu wanayasema kila siku na wako sawa. Usizidishe poinzi kuu tatu. Zitaje mwanzoni, na ukitoka moja kwenda nyingine tuambie umetoka, "hayo ni ya taa, sasa tuje kwa mwezi". Neno gumu likija mara ya kwanza lifafanue hapo hapo, si mwishoni. Ukitaja takwimu sema umeitoa wapi, kwa mdomo, maana msikilizaji haoni maelezo ya chini. Andika vidokezo kwa kadi ndogo, usiandike hotuba nzima, ukiandika nzima utaisoma tu, hiyo ni ahadi. Jirekodi kwa simu uone muda, na utashangaa, ile unayodhani ni dakika tano huwa nane. Na itifaki, tafadhali, fupisha. Kuna mtoto anamtaja mkurugenzi, hedimasta, naibu wake, walimu wote, wazazi, viranja, mpaka mpishi, na muda unaenda. Sema "itifaki imezingatiwa" na uanze.

Swali huwa linakuja, sasa mtu amalizeje kama hawezi kusema "kwa hivyo ndugu zangu tuamke"? Amalize kwa kurudia kwa ufupi kile alichotaka tujue halafu awape watu nafasi ya maswali. Maswali ndio yatakuonyesha kama umeeleweka. Wakiuliza jambo ambalo ulishalieleza, hapo hukueleweka. Wakiuliza jambo linalofuata, kwa mfano kama samaki wengine nao wanasumbuliwa na mwezi, basi umefanya kazi yako.

Kushawishi si dhambi, naomba nisieleweke vibaya, na yule wa kutusihi tuache pombe alikuwa na kipaji ambacho wengi wetu hatuna. Ombi langu ni kwa walimu na wale wanaopanga makongamano: kwa karatasi ya alama ya hotuba ya kuarifu, ile sehemu inayosema "wito kwa hadhira" iondoeni, badala yake wekeni alama za maswali. Na kama hiyo ya wito mnaipenda sana, na najua wengine mnaipenda, iacheni tu, mbadilishe jina pale juu muandike hotuba ya kushawishi, watoto wajue wameitiwa gani.