Ugawaji wa sauti kwenye sintesaiza ya Pure Data: maana yake na namna unavyofanya kazi

Ukibonyeza noti tatu kwa pamoja kwenye kinanda unategemea kusikia kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Lakini sintesaiza (chombo kinachotengeneza milio ya muziki kwa njia ya kielektroniki) ya kwanza unayoiunda ndani ya Pure Data, programu huria iliyoanzishwa na Miller Puckette miaka ya 1990, ambamo unaunganisha visanduku kwa nyaya kwenye skrini, itakupa noti moja tu, ile ya mwisho kubonyezwa. Hakuna kilichoharibika. Umeweka osileta moja, yaani kisanduku kinachozalisha mlio, nayo hutoa toni moja tu kwa wakati mmoja.

Wenye sintesaiza wakisema "sauti" wana maana ya mtambo kamili wa kutoa noti moja: osileta, kichujio, pamoja na sehemu inayoamua noti ichomoze kwa kasi gani na ififie vipi. Sintesaiza ya Minimoog ya 1970 ilikuwa na sauti moja. Prophet-5 ya 1978 ilikuwa nazo tano, na Yamaha DX7 ya 1983 ilikuwa nazo 16. Zikishakuwa zaidi ya moja, lazima kitu fulani kiamue noti hii inakwenda kwa sauti ipi. Uamuzi huo ndio ugawaji wa sauti. Ukinunua kinanda dukani umeshafanyiwa. Kwenye Pure Data unaufanya mwenyewe.

Watu wengi hudhani kazi ngumu ni kuanzisha noti. Ngumu ni kuizima. Kidole kikibonyeza, unapokea namba ya noti, kati ya 0 na 127, pamoja na nguvu ya mbonyezo. Kidole kikiachia, inakuja noti ileile ikiwa na nguvu 0. Sifuri hiyo ni lazima iifikie sauti ileile iliyoanzisha noti. Ikienda kwingine, noti ya kwanza inabaki inalia tu, haikomi.

Kumbukumbu hiyo inatunzwa na kisanduku kiitwacho poly. Ukiandika poly 8 1, ile 8 ni idadi ya sauti, na 1 ni ruhusa ya kunyang'anya sauti ambayo tayari ina kazi. Ikiingia noti 60 kwa nguvu 100, poly inatoa namba tatu: 1, 60, 100, yaani sauti ya kwanza ipige noti 60. Noti 60 ikirudi na sifuri, inatoa 1, 60, 0. Unazifunga namba hizo tatu pamoja kwa kisanduku cha pack na kuzipeleka kwenye clone, kisanduku kinachotengeneza nakala nane za pachi ya sauti yako, yaani mchoro wa visanduku na nyaya uliouunda.

Hapa pana mtego unaowasumbua wengi. poly huhesabu kuanzia 1, lakini clone, usipoiambia kitu, huhesabu kuanzia 0. Sauti ya nane inakosa pa kwenda, kwa hiyo unapiga vizuri halafu kila baada ya muda noti moja inamezwa. Andika clone -s 1, kisha jina la pachi na 8, na tatizo limekwisha.

Je, noti ya tisa ikija wakati zote nane zina kazi? Bila ile ruhusa, noti mpya inapuuzwa. Ukiwa umeiweka, poly inaizima noti iliyoanza zamani kuliko zote na kuipa noti mpya nafasi yake. Mimi huiweka daima, kwa sababu msikilizaji hatambui kwa urahisi noti ya zamani ikitoweka, ila kidole kikibonyeza na pasisikike kitu, mpigaji anajua papo hapo. Hasara yake ni mlio mdogo wa "tk" pale sauti inaporuka ghafla. Unaupunguza kwa kuushusha mlio wa sauti hiyo hadi sifuri kwa milisekunde chache kabla ya kuanza noti mpya. Kumbuka pia kwamba kwa poly noti imekwisha kidole kikishaachia, hata kama mkia wake, yaani mlio unaofifia, bado unasikika. Ukipenda mikia mirefu, ongeza sauti.

Ila usiongeze ovyo. Nakala zote hutumia nguvu za kompyuta hata zikiwa kimya, isipokuwa umezizima kwa kisanduku cha switch~ ndani ya pachi. Na kwa kuwa clone inajumlisha sauti zote kwenye waya mmoja, zidisha jumla hiyo kwa 0.125 ukiwa na sauti nane, la sivyo kodi nene itakwaruza kwenye spika.