Kifuniko kimebana, lakini chakula je? Dhana potofu kuhusu oveni na chupa za akiba

Msimu wa maembe ukifika, wifi yangu wa Kisumu hunipigia simu karibu kila jioni. Amenunua ndoo nzima soko la Kibuye, mengine yameanza kulainika, anataka kuyaweka kwenye chupa kabla hayajaoza. Mwaka jana akaniambia: "Wifi, nimezipanga chupa ndani ya oveni na kufunga mlango. Zikipoa na kifuniko kikabonyea, kazi imeisha." Nilimwomba azime oveni hapo hapo na asifungue mlango mpaka zipoe kabisa. Haya ndiyo niliyomweleza usiku ule, pamoja na mengine ninayoyasikia hapa Nakuru kwa wenzangu tunaooka.

Dhana: Oveni ina moto kuliko maji yanayochemka, kwa hiyo huua kila kijidudu ndani ya chupa.

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Unapooka keki, mkono wako unaingia kwenye oveni ya nyuzi 180, unageuza trei na kutoka salama, mradi usiguse chuma. Mkono huo huo ukiutia kwenye maji yanayochemka, ambayo kwetu hayafiki hata nyuzi 100, utababuka papo hapo. Hewa kavu hupitisha joto polepole mno, maji na mvuke hulipitisha kwa kasi. Chupa iliyosimama ndani ya oveni inaweza kuwa ya moto nje na vuguvugu katikati. Hata ukiiacha humo kwa muda mrefu, embe lenye maji halipandi kufikia nyuzi ulizoweka kwenye kitufe. Hukwama pale maji yanapochemkia.

Kisha kuna kioo chenyewe. Chupa za jemu hazikutengenezwa kwa joto kavu. Yangu ilipasuka nilipofungua mlango na hewa baridi ikaigonga: mlio mmoja mfupi, halafu nyanya zikachuruzika katikati ya waya za rafu na kuanza kuungua chini, na kipande cha kioo kikajichomeka kwenye mpira wa mlango. Mimi nilikuwa nimesimama kando kidogo. Mtoto wangu alikuwa nyuma yangu.

Chupa huchemshwa kwenye sufuria kubwa, zikiwa zimesimama juu ya kitambaa au wavu ili zisiguse chuma, maji yakipita juu ya vifuniko kwa sentimita 3 hivi.

Dhana: Maji yakitokota yametokota, iwe Mombasa au Nakuru.

Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Siku moja nilitumbukiza kipimajoto kwenye sufuria iliyokuwa ikitokota kwa fujo. Kikasoma 94. Nikafungua gesi hadi mwisho, mvuke ukajaa jikoni, madirisha yakatoka jasho, na bado ni 94. Kisumu, penye takriban mita 1,130, hufika 96. Nyuzi 100 utazikuta Mombasa. Kadiri unavyopanda, hewa inazidi kuwa nyepesi na haiyakandamizi maji sana, nayo yanachemka kabla hayajapata moto kamili. Ndiyo maana maharagwe yanakula gesi zaidi hapa kuliko pwani.

Kwa hivyo dakika zilizoandikwa kwa ajili ya watu wa usawa wa bahari hazitutoshi. Jemu ambayo huko huchemshwa dakika 5 ikiwa tayari kwenye chupa iliyotakaswa, Kisumu ipe 10 na Nakuru uipe 15. Hesabu huanza maji yakishatokota, si pale unapotumbukiza chupa.

Dhana: Kifuniko kikibana, chakula ki salama.

Kifuniko kilichobana kinakuambia jambo moja tu, kwamba hewa haipiti. Iko bakteria iitwayo Clostridium botulinum. Huishi kwenye udongo, hufika jikoni na mboga, na hustawi pasipo na hewa. Chupa iliyofungwa barabara ndiyo nyumba inayoitafuta. Mbegu zake hustahimili maji yanayochemka. Kuziua kunahitaji nyuzi 116 hadi 121, joto ambalo maji hulipata chini ya presha tu. Sumu yake haionekani, hainuki, haina ladha. Aliyeila huanza kuona vitu viwili viwili, kope zinalegea, ulimi unakuwa mzito, kumeza kunamshinda, kisha hata kupumua. Huyo akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Na chupa unayoitilia shaka usiionje hata kwa ncha ya kijiko.

Kinachoifunga bakteria hii mikono ni uchachu, yaani pH (kipimo cha uchachu, ambacho kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) iliyo chini ya 4.6. Plamu, pesheni, embe bichi, na achari iliyotengenezwa kwa siki yenye asidi ya asilimia 5 (soma lebo, ziko siki hafifu madukani) ziko upande salama. Papai, ndizi mbivu na embe lililoiva sana zinahitaji limau. Nyanya zimekaa mpakani kabisa, kwa hiyo kila nusu lita tia kijiko kikubwa 1 cha maji ya limau ya chupa. Nasisitiza ya chupa kwa sababu uchachu wake haubadiliki, ilhali malimau ya sokoni moja ni kali na jingine ni maji matupu. Ukishakaanga vitunguu, hoho na kitunguu saumu humo ndani, uchachu umepungua na hesabu imevurugika. Sosi hiyo ni ya friza.

Vivyo hivyo maharagwe, githeri, kunde na samaki. Bila mtambo maalumu wa presha wa kuhifadhia chakula, hivi si vya kuwekwa kwenye chupa na kupangwa kabatini, hata vichemshwe kutwa nzima. Yagawanye maharagwe kwenye vikopo na uyagandishe, kama tulivyozoea. Kitunguu saumu kilicholowekwa kwenye mafuta kikae kwenye friji, na siku 4 zisipite.

Maembe ya wifi yalitolewa asubuhi, yakapikwa upya na limau, yakaingia kwenye friza.

Dhana: Soda ya kuokea ikichanganywa na siki ndiyo dawa ya kusafisha oveni.

Povu lile linavutia macho, lakini soda na siki zikikutana zinamalizana nguvu. Gesi inapaa, unabaki na maji yenye chumvichumvi. Tumia soda peke yake: ikoroge na maji kidogo hadi iwe kama uji mzito, paka kwenye oveni iliyopoa, epuka waya za moto na matundu ya gesi, kisha ulale. Asubuhi mafuta yaliyogandia yatakuwa yamegeuka kahawia na kulegea, yafute kwa kitambaa chenye maji. Siki ije mwisho kabisa, kuondoa ule weupe uliobaki.

Jik (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) na siki visikutane kamwe, iwe kwenye oveni, sinki au choo. Hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huchoma mapafu.

Dawa kali za dukani nyingi zina magadi makali yanayobabua ngozi na kula alumini. Vaa glavu, fungua dirisha, na trei za alumini zisiguswe nayo. Waya wa kusugulia sufuria usipite kwenye kioo cha mlango, kwa sababu mikwaruzo hukidhoofisha. Karatasi ya foili pia usiitandike sakafuni mwa oveni ukidhani inazuia uchafu. Huziba joto na inaweza kugandana na rangi ya chuma.

Dhana: Baridi ya Julai ikizidi, oveni ya gesi ikiachwa wazi hupasha nyumba moto bila madhara kwa kuwa haina moshi.

Moto wa gesi unahitaji hewa. Ukiwaka saa nyingi kwenye chumba kilichofungwa, hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na waliolala hawaamki. Ukiona ndimi za moto ni za manjano badala ya buluu, zima, fungua madirisha, mwite fundi kabla hujaoka tena.