Usonji na upweke: namna ya kumpata mwenzako anayefanana nawe

Wanaouliza maswali haya zaidi ni watu wazima wenye usonji (autism) wanaoongea, wanaosoma au kufanya kazi, pamoja na wazazi wao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Wenzako wapo basi, pengine hata mtaani kwenu. Ugumu uko kwenye kuonana.

Nina miaka 27, naongea vizuri na nina kazi. Mbona najiona niko peke yangu hata nikiwa katikati ya ndugu zangu?

Kwa sababu nyumba imejaa watu, lakini hamna hata mmoja ambaye ukiwa naye unaweza kuacha kujigeuza. Wengi wenye usonji kama wako wamejizoeza kujificha tangu utotoni: kukariri salamu, kupanga lini wacheke, kubana mikono isicheze, kujilazimisha kumtazama mtu usoni huku maneno yake yakiwapotea.

Chukua msiba. Unapeana mikono na watu thelathini, na kila mmoja anataka habari za nyumbani, za kazi na za safari. Chini ya turubai kuna joto, spika inakoroma, moshi wa kuni unakuingia puani, na aliye pembeni yako kakuegemea bega. Baadaye wanakusifu: kijana ana adabu. Wewe unarudi chumbani, unazima taa, na hadi kesho yake jioni neno halitoki. Sifa zile hazikugusi, kwa kuwa anayesifiwa si wewe. Ni yule uliyejivika.

Tafiti za miaka ya karibuni zimehusisha kujificha huku na wasiwasi, sonona na mawazo ya kujiua. Kwa hiyo kutafuta mtu usiyelazimika kujificha mbele yake ni sehemu ya matunzo ya afya yako, sawa na usingizi.

Si inasemekana wenye usonji hawapendi marafiki?

Inasemekana, na si kweli. Kuna wanaotosheka na rafiki mmoja, wapo wanaotaka watano, na wako wanaofurahia kukaa na mwenzao saa nzima bila kuongea. Kinachowashinda wengi ni mazungumzo yenye maana iliyofichwa na maelewano yasiyotamkwa.

Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye naye ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: wasio na usonji nao wanashindwa kuwasoma wenye usonji. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha jaribio la kupitisha hadithi kutoka kwa mtu wa kwanza hadi wa nane. Misururu ya watu wenye usonji pekee ilihifadhi maelezo ya hadithi sawasawa na misururu ya wasio na usonji. Maelezo yalipotea zaidi pale watu wa makundi hayo mawili walipochanganywa. Ukihisi kwamba kwa mwenzako mwenye usonji maneno yanapita bila kukwama, huo si uzushi wako.

Nitajuaje nani ana usonji "kama wangu"? Natafuta mwenye jina lile lile la ugonjwa?

Usianzie kwenye jina. Zamani waliozungumza mapema na kusoma vizuri walipewa jina la Asperger. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilifuta mgawanyo huo katika mwongozo wake wa mwaka 2013, na uainishaji mpya wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika Januari 2022, nao hauna jina hilo. Siku hizi ni usonji mmoja wenye wigo mpana. Mwongozo wa Marekani unaongeza ngazi 1 hadi 3, kulingana na msaada ambao mtu anahitaji. Tena si ugonjwa. Ni namna ubongo ulivyokua.

Ngazi hizo zinamsaidia daktari, ila kwenye urafiki hazikufikishi mbali. Wawili wa ngazi ya 1 wanaweza kushindwana ndani ya dakika kumi: mmoja hawezi kuvumilia sauti, mwingine hujituliza kwa kuimba chinichini siku nzima. Andika badala yake mambo manne kukuhusu. Kwanza, unawasiliana vipi ukiwa mzima na vipi ukichoka: kwa mdomo, kwa maandishi, au kwa kukaa kimya. Pili, milango yako ya fahamu: nini kinakuumiza (honi, taa nyeupe, manukato, kuguswa) na nini unakitafuta. Tatu, wapi unahitaji msaada, iwe ni kupanda daladala, kupika, au kujibu simu ya bosi. Nne, unachokipenda hadi unasahau kula. Kama una kifafa, au tatizo la kutotulia na umakini kuhamahama, liandike pia, maana hubadilisha siku nzima ya mtu.

Mwenye mambo mawili kati ya manne yanayolingana na yako anatosha. Jambo la pili, la milango ya fahamu, ndilo la kuangalia kwanza, kwa kuwa hapo ndipo watu huumizana bila kukusudia.

Sina karatasi ya daktari. Je, naruhusiwa kutafuta wenzangu?

Ndiyo. Watu wazima wengi hawajapimwa, hasa wanawake, na wataalamu wanaopima wakubwa ni wachache. Isitoshe, vipimo vingi vilitungwa Ulaya na Marekani. Vinauliza kama mtu hukwepa kutazama machoni, wakati kwetu mtoto aliyelelewa vizuri huinamisha macho anapompa mkubwa shikamoo. Dalili inapita machoni pa wote ikiitwa heshima.

Kuna dodoso fupi la maswali 10 kwa watu wazima, AQ-10, ambamo alama 6 au zaidi hukushauri uende kupimwa. Halithibitishi kitu. Ukiamua kwenda kupimwa, nenda na ripoti zako za shule ya msingi, na mama, shangazi au yeyote anayekumbuka ulivyokuwa kabla ya kuanza shule. Bila historia ya utotoni mpimaji hufanya kazi gizani. Karatasi inakuwa ya lazima pale unapotaka haki za kisheria, kama kusajiliwa kuwa mtu mwenye ulemavu. Kwa urafiki haihitajiki.

Nianzie wapi?

Anzia walipo wazazi. Afrika Mashariki vyama vingi vya usonji vimejengwa na wazazi wa watoto, na mtu mzima anayefika huko hujiona amepotea njia. Usikate tamaa mlangoni. Miongoni mwa wazazi hao wamo wanaojitambua wenyewe wanaposoma ripoti ya mtoto, kwa kuwa usonji hurithika kwa kiasi kikubwa. Kenya kuna Autism Society of Kenya, iliyoanzishwa na wazazi, na kitengo cha usonji katika City Primary School, Nairobi. Tanzania kuna NAP-T, chama cha kitaifa cha watu wenye usonji, na Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Dar es Salaam, ina kitengo chake. Kliniki za afya ya akili za hospitali kubwa na wataalamu wa tiba kazi (wanaomsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku) nao huwajua watu wazima wawili watatu. Hawatakupa majina, na ni haki yao kukataa. Waombe wapeleke ujumbe wako, mwenyewe aamue.

Ujumbe uwe mfupi na usioacha mtu akibahatisha:

"Nina miaka 27, mwanamume, naishi Dar es Salaam, nina usonji. Naongea, ila napenda zaidi kuandika. Spika zinaniumiza masikio. Napenda ramani na treni. Natafuta mtu mzima mmoja au wawili wa kuandikiana nao mara moja kwa wiki. Si lazima kujibu haraka. Sitafuti mchumba wala msaada wa fedha."

Sentensi ya mwisho usiiache. Inaondoa hofu ya mpokeaji, na inawakimbiza wenye nia nyingine. Namba ya kazini na mahali unapolala usiviweke. Aprili 2, siku ya usonji duniani, ni nafasi nzuri ya kupeleka ujumbe huo kwa waandaaji, lakini usiende ukitarajia kuzungumza na watu pale: kuna ngoma, hotuba na vipaza sauti.

Tumeandikiana mwezi mzima. Tukutane vipi?

Muwe wawili, na msizidi wanne. Dakika 60 zinatosha, 90 ndio mwisho, na saa ya kuondoka ikubaliwe kabla. Mtu asiyejua kikao kitaisha lini hutumia nguvu zake zote kusubiri. Andikianeni siku mbili kabla: mahali gani, basi gani, nani atakuwepo, choo kiko wapi, nani atalipa nini. Asubuhi ya siku ya kazi ni bora kuliko Jumamosi jioni. Makumbusho, maktaba au bustani isiyo na muziki inafaa. Mgahawa haufai, sababu ya vyombo, televisheni na mhudumu anayerudi kila dakika tano.

Pelekeni kitu cha kufanya: bao, drafti, kupanga picha, kufungua redio mbovu. Kukaa ubavu kwa ubavu macho yakiwa kwenye kazi huondoa mzigo wa kutazamana, na maneno hujitokeza yenyewe. Mkiwa zaidi ya wawili, kadi za rangi zinasaidia sana: nyekundu, asinisemeshe mtu, njano, nisemeshwe na ninayemjua tu, kijani, nataka kuongea ila nashindwa kuanza. Zilipata umaarufu kupitia Autreat, makongamano ya watu wenye usonji yaliyoanza Marekani mwaka 1996 chini ya Autism Network International.

Siku inayofuata usipange kitu kizito. Wengi hudhani mkutano uliharibika kwa sababu wameamka hoi, kumbe uchovu huo huja hata baada ya furaha. Ngoja siku mbili ndipo uamue kama utarudia.

Kundi letu la WhatsApp lilianza na watu sitini, sasa kimya. Tulikosea wapi?

Mara nyingi wingi ndio huua. Asubuhi zinaingia picha za salamu arobaini, kisha ujumbe wa sauti wa dakika sita, na asiyeweza kufuatilia sauti anajitoa polepole. Pia wazazi na wataalamu huanza kujibu kwa niaba ya wenye usonji, hadi wahusika wanabaki wasikilizaji. Vunjeni kundi: watu wanane kwa pamoja, maandishi tu, mada moja inayotangazwa siku fulani ya wiki, na wazazi wawe na kundi lao. Kukaa wiki tatu bila kujibu kusihesabiwe kosa. Kanuni hii ya mwisho hushikilia watu kuliko zote, kwa maana anayeona aibu ya kuchelewa huwa harudi.

Kuna mtu kwenye kundi anauza dawa ya kuondoa usonji.

Mtoeni. Usonji hauna dawa ya kuuponya. Klorini dioksidi, inayouzwa kama matone ya miujiza, ni kemikali ya kung'arishia nguo na karatasi; ikinywewa husababisha kutapika, kuhara na kuishiwa maji mwilini, na inaweza kushusha shinikizo la damu kiasi cha kuhatarisha maisha. Sindano za "kusafisha madini mwilini" zimewahi kuua mtoto nchini Marekani, mwaka 2005. Mwangalieni pia anayeomba mkopo au picha za faragha ndani ya siku chache. Anayetafuta rafiki kwa kiu huamini upesi, na matapeli wanalijua hilo. Ombi lolote la fedha lilale siku moja, kisha ulisome pamoja na mtu unayemwamini.

Upweke ukizidi, nitajuaje kuwa sasa ni sonona?

Kwa mwenye usonji dalili ya kwanza si lazima iwe kulia. Angalia kama kile unachokipenda mno, ramani au treni zako, hakikuvutii tena kwa wiki mbili au zaidi. Angalia kama unapoteza maneno mara nyingi kuliko kawaida, kama sauti ulizozivumilia sasa zinachoma, kama usingizi na kula vimevurugika. Hapo nenda kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya wilaya au kaunti. Mawazo ya kutaka kufa yakija, usisubiri wiki mbili: nenda siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.

Andika kila kitu nyumbani, ukurasa mmoja, na umkabidhi daktari. Juu kabisa weka sentensi hii: "Nina usonji, uso wangu na sauti yangu havionyeshi kiasi cha maumivu niliyonayo." Bila hiyo, anaweza kukuona umetulia akakurudisha nyumbani.