Mchujo wa sumu katika kutafuta dawa za saratani

Mtu akisikia mmea fulani una sumu, huuepuka. Mtafiti wa dawa za saratani husogea karibu, kwa sababu dawa nyingi za kemotherapi zenyewe ni sumu: huua seli zinazogawanyika kwa kasi. Mchujo wa sumu ni kazi ya kupima, katika mimea mingi, upi unaua, kwa kiasi gani, na unaua nini.

Katika miaka ya 1950 watafiti nchini Kanada waliuchunguza mmea wa Catharanthus roseus wakitarajia dawa ya kisukari. Hawakuipata, ila seli nyeupe za damu za panya waliodungwa maji ya mmea huo zilipungua mno. Madhara hayo ndiyo yaliyowafikisha kwenye vinblastini, dawa ya saratani. Baadaye mmea uleule ukatoa vinkristini, inayotibu saratani ya damu kwa watoto.

Mchujo wa mwanzo ni mwepesi. Majani au magome hukaushwa, husagwa na kulowekwa kwenye ethanoli, kisha ethanoli huvukizwa hadi libaki dondoo zito. Dondoo huchanganywa na maji ya chumvi kwa viwango mbalimbali, hutiwa uduvi wachanga wa Artemia salina, kwa kawaida kumi kila kichupa, na baada ya saa 24 huhesabiwa waliokufa. Kiwango kinachoua nusu yao ni LC50; kikiwa kidogo, sumu ni kali. Kipimo hiki, kilichoelezwa mwaka 1982, hakisemi lolote kuhusu saratani. Kinasema tu kwamba humo mna kitu.

Swali zito huja kwenye seli za binadamu zinazokuzwa maabara. Kiwango kinachodhuru nusu ya seli zenye afya hugawanywa kwa kile kinachodhuru nusu ya seli za saratani. Jibu likiwa 1, sumu haibagui. Likiwa 10, seli za saratani zinadhurika kwa kiwango kidogo mara kumi, na hapo kuna la kufuatilia. Mimea mingi huishia hapa, ndiyo maana huniuma mgonjwa anapouziwa mizizi iliyo "thibitishwa kuua seli za saratani". Kwenye kisahani cha maabara, hata chumvi ikizidi huziua.

Kushindwa nako kuna ngazi zake. Maytansini, iliyotolewa kwenye mmea wa Ethiopia na kutangazwa mwaka 1972, iliwadhuru mno wagonjwa waliojaribiwa nayo, ikawekwa kando. Miongo kadhaa baadaye, kemikali ya ukoo wake ilifungwa kwenye kingamwili, yaani protini ya kinga ya mwili, inayozisaka seli za saratani ya matiti zenye protini ya HER2 kwa wingi. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha dawa hiyo.