Sindano ya homoni haiondoi haja ya hogo
Maswali kuhusu "sindano ya kuunga mfupa" yamezidi. Inayozungumziwa ni teriparatidi, kipande cha homoni ya tezi za parathairoidi zilizoko shingoni. Marekani iliiidhinisha mwaka 2002 kwa ajili ya osteoporosisi (ugonjwa wa mifupa kuwa dhaifu), si kwa kuharakisha uungaji wa mfupa uliovunjika. Daktari bingwa anaweza kuiandika pale mfupa unapogoma kuunga, lakini kwanza mfupa utulizwe kwa hogo, chuma au upasuaji. Mfupa unaochezacheza hauungi, uchome sindano usichome.

Homoni hii ikibaki juu mchana na usiku humomonyoa mfupa. Ikipanda kidogo na kushuka, huamsha seli za kujenga. Ndiyo maana dozi ni mikrogramu 20 mara moja kwa siku, chini ya ngozi ya paja au tumbo. Katika utafiti wa mwaka 2010, kwa wanawake waliokoma hedhi na kuvunjika karibu na kifundo cha mkono, waliopewa 20 waliunga kwa wiki 7.4, waliopewa 40 kwa 8.8, wasiopewa dawa kwa 9.1. Kujiongezea dozi, basi, ni kupoteza hela.

Kalamu ya sindano, yaani kifaa chenye dawa, hukaa kwenye friji, nyuzi joto 2 hadi 8. Ikiganda, tupa. Ikitimiza siku 28 tangu kutumika mara ya kwanza, tupa hata kama dawa imebaki. Ncha ya sindano ni mpya kila siku, na huchomolewa kabla ya kalamu kurudishwa. Dozi za mwanzo chomwa ukiwa umekaa, maana kizunguzungu kipo.

Haiwafai watoto ambao mifupa yao bado inakua, wenye saratani ya mifupa, waliowahi kupigwa mionzi kwenye mifupa, wala wenye kalsiamu ya juu. Na tuelewane: prednisoloni na deksamethasoni nazo ni za jamii ya homoni, ila huchelewesha mfupa kuunga. Duka linalokupa hizo "ziunge" linakudhuru.

Kwa Tanzania, dawa isiyosajiliwa haiingizwi bila kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ombi liende na cheti cha daktari, kabla ya kuagiza, si mzigo ukishafika. Mzigo usio na kibali huzuiliwa, na mwagizaji anaweza kushtakiwa. Mzigo ukiachiliwa baadaye, kalamu zilizokaa kwenye joto la ghala hazifai tena.